Namna ya Kwenda Chuo Ukitokea Funzi

Anza na ndoo. Kalamu zitapatikana Mombasa, na shati jipya litangoja. Tafuta ndoo ya mafuta ya kupikia yenye mfuniko unaokaza, ioshe kwa sabuni na majivu mpaka harufu iishe, kisha ianike juani siku mbili. Humo utatia cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, matokeo ya kidato cha nne, barua ya kuitwa chuoni na nakala za vyote hivyo. Mwenzako wa Ukunda atakucheka, kwa kuwa yeye hupanda matatu mlangoni kwao. Wewe utapanda mashua kwanza, na kusi ikivuma haimuulizi mtu amepata gredi gani. Zamani ndugu zetu walifunga karatasi kwa nailoni tatu za dukani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, ndoo ndiyo sanduku la msomi wa kisiwani. Ikifika chumbani kwako itakuwa ya kuogea, na akija mgeni utaipindua iwe kiti.

Siku ya kuondoka, usivae viatu. Vifunge kamba uvining'inize shingoni. Mvulana akunje suruali mpaka gotini, na binti apandishe nguo akaze leso kibwebwe. Kutoka Funzi hadi Bodo si mbali, lakini maji yakishapwa mashua hukwama kabla ya kufika, nawe utateremka ukanyage tope la mikoko, lile linalomeza kandambili likagoma kuzitapika. Usilichukie tope hilo. Nitalirudia baadaye, maana limenisomesha kuliko vitabu vingi.

Bodo chukua boda mpaka barabara kuu, kisha matatu inayotoka Lunga Lunga. Utapita Msambweni, utapita Ukunda, mpaka Likoni kwenye feri, ambako mwenda kwa miguu halipi. Hapo utaona watu wanakimbia. Usikimbie nao. Mtoto wa Funzi ana elimu ambayo wengi pale hawana: akikitazama chombo, akaona ukingo wake ulivyoyakaribia maji, anajua kama kimejaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 270, na wazee wa Likoni wakiitaja siku ile hadi leo hushusha sauti. Kwa hivyo ukiona msongamano, ngoja feri inayofuata. Ukichelewa darasani utaazima daftari la mwenzako, usome ulichokikosa, yaishe.

Umefika mjini. Kabla hujatandika godoro, kaa chini ujikumbushe hesabu ya maji.

Najua ulifundishwa, kwa sababu sote tulifundishwa, ila hakuna aliyetuambia kwamba lile ni somo. Mimi nilifundishwa na mjomba, mashuani, nikiwa na miaka minane hivi. Aliuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikajibu Machi. Akatikisa kichwa. Aliutaka mwezi wa angani, tarehe yake ya Kiislamu. Kisha akanipa kanuni ambayo sijaisahau. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Hiyo ndiyo bamvua. Kila siku inayofuata songeza mbele dakika hamsini hivi. Tarehe nane umesongeza mara saba: saba kwa hamsini ni 350, yaani karibu saa sita nzima. Basi siku hiyo maji yatajaa karibu na saa nne, na yatakuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Endelea mpaka tarehe kumi na tano na utajikuta umerudi saa kumi. Mjomba aliifanya hesabu hiyo kichwani huku akifunga fundo la tanga, na hakuwahi kukaa darasani siku moja.

Mwaka wa kwanza mhadhiri wa hisabati atachora wimbi ubaoni, juu chini, juu chini, ataliita kwa jina lake, na darasa zima litaguna. Wewe usigune. Hayo ni maji ya mjomba. Kuna wimbi moja linaloufuata mwezi, linalorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, na jingine linalolifuata jua, kila saa 12 kamili. Mawimbi hayo yakipanda pamoja, ni bamvua, na katika bandari ya Kilindini maji hunyanyuka zaidi ya mita tatu. Yakipingana, ni maji mafu. Na zile dakika hamsini? Ni dakika 25 mara mbili, basi.

Hayo nilichelewa kuyaona, na nilichelewa kwa gharama. Jaribio la kwanza la somo lile niliangushwa vibaya. Nilikuwa nimekariri kanuni za kitabuni neno kwa neno, kama mtu anayekariri namba ya simu ya mtu asiyemjua. Nikarudi likizo na daftari langu. Mjomba yuko ufukweni anakwangua mashua, anainua uso, ananiuliza lile swali lake, "Leo mwezi ngapi?" Nilisimama pale mchangani nikahisi mambo mawili yanakutana kifuani. Muhula uliofuata somo lile nililifaulu. Ningependa wewe usingoje likizo.

Sasa mikoko, na hapa nitakaa kidogo.

Siku moja darasani, mhadhiri alionyesha picha ya mti wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, akauliza ni mti gani. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya nyuma. Mti ule naujua kwa mkono. Nimeshika boriti zake, nimevua kaa chini yake, nimejikata mguu kwa chaza walioganda kwenye mizizi yake, na kovu liko hadi leo. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikisema "mkoko" watataka jina la Kilatini, na sikuwa nalo. Msichana mmoja wa bara, ambaye bahari aliiona mara ya kwanza mwezi ule alipofika chuoni, akainua mkono akasema Rhizophora mucronata. Alipata sifa zake, na alizistahili, kwani alikuwa amesoma. Kosa lilikuwa langu. Baada ya kipindi nilimfuata nikamwambia naufahamu mti ule. Akanikazia macho: "Mbona hukusema? Mimi nimekariri tu, sijui hata ukiugusa ukoje."

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza andika jina la kwetu, ya pili jina la kitaalamu, ya tatu andika anachosema bibi kuhusu mti huo. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na mtoto wa Funzi akitembea nusu saa tu na mtu mzima anaweza kujaza safu ya kwanza karibu yote. Mlilana, Sonneratia alba, ndio hupenda kukaa mbele kabisa ukipigwa na mawimbi, na mafundi wa vyombo huutafuta kwa mataruma. Nyuma yake ni mkoko wenyewe. Halafu muia, halafu mkandaa, Ceriops tagal, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Mchu, Avicennia marina, hustahimili chumvi mpaka pale panapokaribia nchi kavu, na huchomoza vijiti vya kupumulia kutoka topeni kama penseli zilizosimamishwa. Mhadhiri ana neno maalumu la mpangilio huo wa miti kutoka baharini kuja nchi kavu. Bibi hana neno, ila ukimuuliza mlilana uko wapi atanyoosha kidole baharini bila kugeuka.

Ukimaliza daftari lako, usiliache chumbani. Panda matatu uende Gazi, kaskazini ya Msambweni, ambako Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo chake. Omba kuonyeshwa. Hapo wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unaotunza hekta 117 za mikoko. Hewa ya ukaa inayofungwa na miti ile hupimwa, huuzwa, na pesa hurudi kijijini kwenye maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kule Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vimefuata njia hiyo hiyo. Watafiti wanaoandika juu ya miti hii husafiri kutoka mbali wakiwa na buti za mpira na vipimo. Wewe umezaliwa topeni humo. Ukiona aibu kulitaja tope lako darasani, wengine watakuja kukueleza habari zake, na utalipa karo kusikiliza.

Kuhusu lugha nitasema machache, ingawa jambo hilo linaniuma. Utakapofungua mdomo, wako watakaokuuliza mbona unasema hivyo. Kwetu tuna Chifundi, na ile chi- iliyomo ndani ya jina lenyewe inatosha kumjulisha msikilizaji kwamba hatukulelewa na Kiswahili cha redioni. Wanaisimu huiweka lahaja yetu pamoja na Chivumba na Kimtang'ata, katika lahaja za kusini, na wako waliokuja mpaka kisiwani kuiandika. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja kwa uamuzi wa kikao kilichofanyika mwaka 1928, na kilifanyika Mombasa, mji huo huo unaokwenda kusoma. Hata Kimvita cha wenye mji hakikuchaguliwa. Basi jifunze sanifu vizuri, andika nayo mitihani yako bila makosa, na jioni ukipiga simu nyumbani zungumza Chifundi kwa sauti, hata ukiwa ukumbini mbele ya watu. Anayecheka mwambie maana ya maneno mawili matatu. Mimi nilimfundisha hivyo jirani yangu wa chumba, Mkamba wa Machakos, na likizo ya Desemba alikuja Funzi akamwamkia mama kwa lahaja yetu. Mama alimpikia siku nne mfululizo.

Pesa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo komredi yeyote atakuitia HELB, ni deni la kweli lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukiingia, lipa chumba kwanza, nunua unga, mchele, ndengu na mafuta ya muhula mzima, kisha tuma kitu kidogo nyumbani hata kama ni mia mbili. Redio kubwa ya kutikisa ukuta usinunue. Nimewaona wenye redio wakija kuomba unga wiki ya sita, na tulikuwa tukiwapa, lakini walikula wameinamisha kichwa.

Tena nenda ukale mahamri.

Nyuma ya chumba tulichopanga Mombasa, mtaa wa Tudor, kulikuwa na mama aliyeuza mahamri na mbaazi za nazi. Alianza kukanda usiku, akaumua unga, na kufikia adhana ya alfajiri karai lilikuwa limeshapata moto. Mwenzetu mmoja, aliyesoma biashara, alikuwa anateseka na somo la hesabu za gharama. Alilielewa ubaoni, akilipeleka kwenye mtihani linapotea. Nikamwambia aende akakae na mama yule wiki moja, na aombe ruhusa ya kuandika. Alikwenda na daftari. Akaandika unga, sukari, hamira, iliki, mafuta, makaa. Akaandika mbaazi, nazi, chumvi, pilipili. Alihesabu hata vipande vya magazeti vya kufungia. Mwisho wa wiki akagundua kwamba mahamri yenyewe yalikuwa na faida ndogo mno, pengine hayana kabisa siku mafuta yakipanda bei. Faida ilikuwa kwenye mbaazi. Mahamri yalimleta mteja, mbaazi zikamlipa mama.

Akamweleza, akitetemeka kidogo, kama anayempa mtu habari mbaya. Mama akafuta mikono kwenye leso. "Mwanangu, hilo nalijua miaka. Ndiyo maana mbaazi natia mwenyewe, mahamri naacha binti auze. Lakini makaa sikuwa nayahesabu." Alikuwa akiyachukua makaa kwenye gunia la nyumbani. Kuanzia siku ile akatenga gunia la biashara, na mwenzetu akafaulu lile somo. Walifundishana, kila mmoja alikuwa na kipande ambacho mwenzake hakuwa nacho. Mimi sijui mhadhara bora kuliko huo, na ulifanyika juu ya mbao mbili na jiwe.

Utakuta pia wanafunzi wanaoingia mtihanini na vikaratasi vya siri, viitwavyo mwakenya, jina la lile vuguvugu la siri la miaka ya 1980. Usiwe mmoja wao. Kuibia mtihani ni kumwibia yule mtu wa Bodo ambaye siku moja atakuuliza swali akitegemea kwamba unajua.

Na ukijikuta kozi uliyopewa siyo uliyoiomba, usikate tamaa mapema. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo hapo hapo Tudor, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, 1972 kikawa politekniki, na 2013 ndipo kikawa chuo kikuu kamili. Majengo ya mwanzo yamekaa pale pale, yakipokea kila kizazi na masomo yake. Mwanafunzi naye huweza kuanza na jambo moja akamaliza na jingine, mradi hakuacha kusoma.

Limebaki la kurudi, na hili ndilo nililokuwa nataka kukwambia tangu kwenye ndoo. Hujasoma kitu mpaka umeweza kumweleza mtu wa nyumbani, mashuani, kwa maneno yake, kabla mashua haijafika. Jipe jaribio hilo kila likizo. Chagua jambo moja tu ulilojifunza muhula huo. Anza kulieleza pale Bodo mashua inaposhushwa majini. Akisinzia, hujalielewa. Akikukatiza kwa swali, unakaribia.

Mimi nilijaribu na habari ya tope. Mwaka wa tatu tulikuwa tumefundishwa kwamba katika msitu wa mikoko, ile hewa ya ukaa iliyofungwa haiko kwenye vigogo zaidi, iko chini, topeni. Majani na mizizi iliyokufa huzikwa mle, na kwa kuwa tope limekosa hewa, kuoza kunakwenda polepole mno, vitu vinakaa miaka na miaka. Harufu ile ya mayai mabovu unapokanyaga tope ni dalili ya kukosekana hewa huko chini. Nilikuwa nimeandika kurasa sita juu ya hilo na kupewa alama nzuri.

Mashua ilikuwa na watu saba, magunia mawili ya unga na jogoo mmoja. Upondoni alikuwa mjomba. Nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye hewa ya ukaa mama mmoja akageuza uso akatazama mikoko, nikajua nimempoteza. Nikaacha. Nikaanza upya na harufu. Nikauliza, "Kwa nini tope letu linanuka na mchanga haunuki?" Yule mama akarudisha uso. Wakajibu kila mtu lake: samaki waliokufa, uchafu wa kaa, chumvi. Nikawaambia kwamba kule chini hakuna hewa, ndiyo maana kinachoingia hakiozi kama kinavyooza juu.

Mjomba alikuwa amenyamaza, anasukuma. Kisha akasema, "Kweli. Boriti ikifukiwa topeni, miaka kumi unaitoa nzima. Ile ya juu ya nyumba inaliwa miaka mitano." Akasukuma tena mara mbili. "Kumbe ni hewa."

Mle mashuani kila mtu akawa na boriti yake ya kusimulia. Mmoja alikumbuka gogo la babu yake lililofukuliwa walipokuwa wakichimba njia ya mashua, jeusi, gumu, likavunja shoka. Yule mama akauliza kama miti ikikatwa tope likapigwa na jua, vile vilivyofungwa humo vitatoka. Nilimwambia ndiyo, vitatoka, na ndicho wanachokiogopa wale wa Gazi. Akauliza kama pwani yetu imeshapimwa. Hilo sikuwa na jibu lake, nikalifungua daftari nikaliandika pale pale, mbele yake, likaloa kidogo pembeni.

Mjomba alitazama maji, akatazama jua. "Mwezi ngapi leo?"

"Tarehe tano."

"Basi yanapwa. Weka daftari kwenye ndoo, njoo ushike upondo."